Pauni Kumi na Moja Kutoka Mwenga

Maman Eulalie Nsimire alikuwa mtengeneza dawa katika famasi ya Papa Gérard, mtaa wa Ibanda mjini Bukavu. Si daktari, wala si mwenye famasi. Alikaa chumba cha nyuma, akipima unga, akichanganya mafuta ya upele, akipika sirop ya kikohozi, wakati mimi Laurette nilikaa mbele kupokea wateja. Tulifanya kazi pamoja miaka tisa. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, asiyependa kuharakishwa. Ukimwendea na karatasi ya daktari na kumwambia mteja ana haraka, alijibu kwamba ugonjwa ndio wenye haraka, mizani haina.

Mji mzima ulimjua kwa jambo jingine. Kuanzia Kadutu hadi Bagira alikokaa, watu walimwita Maman Malkia, kwa sababu alikusanya sarafu za zamani za Waingereza. Wengi walicheka. Hapa kwetu, ambapo hela ya karatasi ya leo kesho hainunui hata kiberiti, walimwona mama huyu akitoa sabuni nzima ili apewe shilingi nyeusi ya mwaka 1887 ambayo hakuna duka lingeipokea.

Jambo hilo lilitoka kwa baba yake. Koplo Zagabe alikuwa askari wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji hapa Kongo, na katika vita vya pili vya dunia alitembea hadi Abisinia, baadaye akapelekwa Nigeria, baadaye Misri. Wenzake walirudi na saa na baiskeli. Yeye alirudi kijijini kwao Kabare na mkebe wa biskuti wenye sarafu ishirini na tatu za Waingereza. Jioni aliwamwagia watoto mkekani na kuwafundisha sura: malkia Viktoria mzee mwenye shela kichwani, Edward mwenye upara, George mwenye ndevu, na George mwanawe asiye na ndevu. Eulalie alijua kuwapanga wafalme wa Uingereza kwa zamu zao kabla hajajua kusoma jina lake.

Alipoanza kazi ya famasi, mwanzoni mwa miaka ya sabini, alikuwa msichana aliyetoka shule ya masista na somo la fizikia kichwani. Siku moja alileta sarafu mbili za baba yake, zile pana za fedha ambazo Waingereza waliziita nusu krauni, moja ya mwaka 1915, nyingine ya 1921. Akazipima. Uzito ulikuwa sawasawa. Kisha akafanya walivyomfundisha masista: akafunga kila moja kwa uzi wa hariri, akaitundika kwenye mkono wa mizani, akaizamisha katika glasi ya maji bila kugusa chini. Kila kitu hupungua uzito majini, lakini madini yaliyoshikamana sana hupungua kidogo, na mepesi hupungua zaidi. Ile ya 1921 ilipungua zaidi ya mwenzake kwa karibu sentigramu tisa.

Alihuzunika. Alidhani baba yake amedanganywa na mtu huko Misri akapewa ya bandia. Miezi mitatu hakumwambia. Hatimaye alimuuliza muuguzi mmoja Mwingereza, mama wa misheni ya Kiprotestanti aliyekuja kununua dawa, na yule mama akacheka hadi akavua miwani. Akamweleza kwamba hakuna aliyedanganywa, au tuseme walidanganywa wote: baada ya vita vya kwanza serikali ya Uingereza iliishiwa, ikapunguza fedha ndani ya sarafu hadi nusu, mengine ikatia shaba na nikeli.

Habari hiyo nimeisikia kwake labda mara ishirini, na kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale: "Nilimukamata mufalme na glasi ya maji."

Muuguzi yule aliporudi kwao kabisa alimwachia kitabu kinene cha sarafu za Uingereza, picha nyeupe na nyeusi, kila mwaka na alama yake, kila sarafu na uzito wake. Eulalie hakujua Kiingereza. Alinunua kamusi, akakisoma kitabu hicho ukurasa kwa ukurasa, kwa miaka, hadi akafika mahali pa kujua kwa moyo ni miaka gani malkia alitengenezewa taji jipya na ni nani alichora farasi. Mkebe wa koplo Zagabe ukaongezeka. Wagiriki waliofunga maduka, Wabelgiji waliouza vitu vyao barazani, wachuuzi wa Uganda, wote walimwachia kitu. Kufikia mwaka 1996 alikuwa na sarafu mia moja arobaini na mbili. Za fedha, za shaba, za nikeli. Ya dhahabu hakuwa nayo hata moja.

Mwezi wa kumi mwaka huo vita viliingia Bukavu. Bagira walisikia mizinga asubuhi, na adhuhuri barabara ya Kavumu ilijaa watu. Eulalie alizika mkebe chini ya mafiga ya jiko, akafuata barabara na wadogo zake na mama yao mzee. Waliporudi baada ya wiki mbili, jiko lilikuwa shimo. Mabati ya paa yalikuwapo, vitanda havikuwapo, na mkebe haukuwapo. Kitabu, waliopora waliona hakina faida. Alikikuta migombani, kimelowa. Alikitundika karatasi moja moja kwenye kamba ya nguo, akalala karibu nacho siku nne mpaka kikakauka.

Mimi nilikwenda kumpa pole kama mtu anavyokwenda msibani. Nilimkuta anapiga pasi ukurasa wa Viktoria. Nikamuuliza atafanya nini sasa. Alisema atafanya kazi. Kisha, bila kuinua macho, akaniambia kwamba walibeba vyuma tu. Alichojifunza hakikuwa katika mkebe. Sikuona machozi. Lakini kwa muda wa mwaka mzima hakutaja mfalme yeyote.

Vita vya pili vilipokuja mwaka 1998, mji ulijaa watu wa Mwenga, Shabunda na Walungu waliokimbia vijiji vyao. Katika hao alikuwamo Georgette, mjane wa miaka ipatayo arobaini, aliyetoka kijiji cha karibu na Kamituga na watoto wanne, akapanga chumba kimoja mtaa wa Cimpunda. Alikuja famasi asubuhi moja ya mwaka 1999, mtoto mdogo mgongoni akiungua homa. Aliposikia bei ya kinini alifungua ncha ya kitenge chake, akaweka mbele yangu kitu cha duara, cha njano, kikubwa kidogo kuliko kifungo cha koti.

"Maman, sina feza. Niko tu na hii. Banasema iko shaba, lakini labda mutanipatia dawa kidogo ya mutoto."

Nikaita nyuma. Maman Eulalie alitoka akifuta mikono, akakichukua, na nikamwona anakigeuza mara moja tu. Upande mmoja mfalme mwenye ndevu. Upande mwingine mtu juu ya farasi akimchoma joka. Akakirudisha mkononi mwa Georgette na kumfungia vidole juu yake.

Kwanza alimpa mtoto dawa, akamwambia mama yake aweke kile kitu chake, dawa ni ya kwake Eulalie. Kisha ndipo alipouliza.

"Nani alikuambia hii iko shaba?"

"Monsieur Camille, ule wa kununua zahabu."

"Na wewe ukamwachia?"

"Nilikataa. Nilimuonyesha tatu tu, akasema atanipatia dola makumi tano kwa zote, juu ya kunionea huruma. Ziko kumi na moja."

Eulalie akasema hajawahi kuona mfanyabiashara wa dhahabu mwenye huruma ya kununua shaba kwa dola hamsini.

Georgette alieleza zilikotoka. Baba mkwe wake alikuwa mpishi wa injinia mmoja Mwingereza katika machimbo ya dhahabu, miaka mingi. Injinia alipoondoka mwaka 1960 alimwachia mpishi wake mfuko mdogo wa ngozi, akisema ni akiba yake ya uzee. Mzee hakuuza. Alimwachia mwanawe, mwanawe akamwachia Georgette siku chache kabla hajauawa njiani. Georgette alizibeba kutoka Mwenga ndani ya pakiti ya chumvi, siku tisa kwa miguu, na mahali pawili askari walimpekua wakaacha chumvi.

Kesho yake saa sita, famasi ilipofungwa kwa mapumziko, alizileta zote. Papa Gérard alikuwa ameficha mizani yetu darini wakati wa vita vya 1996, kwa hiyo tulikuwa nayo bado. Eulalie aliosha mikono kama anayetaka kutengeneza dawa ya macho. Aliandika nambari moja hadi kumi na moja kwenye daftari, na mbele ya kila nambari mwaka, alama, uzito, mikwaruzo.

Pauni ya dhahabu ya Waingereza ina uzito wa gramu saba na sentigramu tisini na nane. Hizi zilikuwa hapohapo, moja mbili zikiwa zimelika kidogo kwa kushikwa. Kisha uzi wa hariri na glasi ya maji. Shaba ya uzito ule ingepungua sentigramu tisini na zaidi. Ya kwanza ilipungua arobaini na tano. Ya pili arobaini na sita. Alifika ya kumi na moja bila kusema neno, halafu akamtazama Georgette.

"Baba mukwe yako alikuwa mutu muzuri, na muzungu wake naye. Hizi zote ziko zahabu."

Georgette alikaa chini sakafuni. Hakulia wala kushangilia. Alikaa tu na mtoto wake, akitazama miguu ya meza.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Eulalie alichukua lupu, kile kioo kidogo cha kukuzia, akaanza upya. Alitueleza kwamba kuwa dhahabu si sawa na kuwa sarafu ya mfalme. Pauni hizi zilipigwa katika nchi nyingi za Waingereza, na kila kiwanda kilitia herufi yake ndogo juu ya mwaka, chini ya farasi, ndogo kuliko punje ya ulezi: S ya Sydney, M ya Melbourne, P ya Perth. Za London hazina herufi. Alipofika sarafu ya mwaka 1917 isiyo na herufi aliiweka kando. Akairudia. Akaiweka kando tena. Alituonyesha: maandishi yake yalikuwa manene na laini, kama sabuni iliyotumika, na nyuma ya shingo ya mfalme palikuwa na kichunusi kisichokuwapo kwa wenzake. Kitabu kilionya kwamba pauni ya London ya mwaka huo ni adimu, na kwa ajili hiyo watu waliiiga, tena kwa dhahabu safi, kwa sababu faida yao haikuwa katika madini bali katika tarakimu nne. Huyo injinia aliuziwa mahali fulani bila kujua.

Ya mwisho ilikuwa ya 1916. Aliitazama muda mrefu sana, hata chai yake ikapoa. Kisha akaniomba nimletee kitabu, na mimi nikajua kuna jambo, kwa sababu hakuwa anahitaji kitabu. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja, akanipa lupu. Juu ya mwaka niliona herufi C.

Ilikuwa ya Kanada, Ottawa. Kitabu kilisema zilipigwa chache, nyingi zikayeyushwa, na zilizobaki ni za kuhesabika. Eulalie alikuwa ameusoma mstari huo kwa miaka ishirini na mitano bila tumaini la kuiona. Alivua miwani, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena.

"Hii," alimwambia Georgette, "usionyeshe mutu. Ata mimi usinionyeshe tena."

Georgette alimwomba aitunze yeye. Tukaizamisha ndani ya chupa ya mafuta ya salfa, juu ya rafu, kati ya chupa nyingine sita zilizofanana. Waliojua walikuwa watu watatu.

Camille alisikia. Mji huu mambo hayakai. Alikuja famasi kwa gari lake, amevaa vizuri, akazungumza kwa upole, akasema maman amemharibia jina bure, kwamba kila mtu na kazi yake, na kazi ya maman ni sirop.

"Ndiyo," Eulalie alimjibu. "Na kwa sirop nikikosea sentigramu moja, mutoto wa mutu anakufa. Wewe ukikosea, nani anakufa?"

Alipoondoka, Papa Gérard alitoka ofisini mwake, uso umempauka. Alisema Camille ana marafiki wenye bunduki. Alimsihi Eulalie aache habari hizi, mjane auze anavyoweza. Alikuwa mtu mwema na hofu yake ilikuwa ya haki. Siku zile watu walichukuliwa majumbani kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Eulalie alimsikiliza mpaka mwisho, akasema anaelewa, na kwamba ndiyo maana jambo hili lisifanyike gizani bali mbele za watu. Alhamisi hiyo alimwendea mzee Mushagalusa.

Mushagalusa alikuwa mkubwa wa wanunuzi wa dhahabu wa mjini, mzee wa miaka zaidi ya sabini, ambaye hata wenye bunduki walimwita papa. Eulalie alimwomba jambo moja: aite wanunuzi wenzake, na Camille awepo, na sarafu zipimwe mbele yao wote. Zikiwa shaba, yeye ataomba msamaha hadharani. Zikiwa dhahabu, wanunue kwa bei ya dhahabu siku hiyohiyo, ili mjane atoke akiwa hana cha kufuatwa. Mzee alikubali.

Tulikwenda Jumanne, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, mtaa wa Nguba. Eulalie alivaa kitenge chake cha harusi za watu, kile cha bluu. Mimi nilibeba mizani, Georgette alibeba sarafu kumi. Ya C ilibaki katika mafuta ya salfa. Sebuleni walikuwako wanaume wanane. Kwa mlango alisimama kijana mmoja wa kijeshi aliyekuja na Camille, bunduki begani.

Kabla ya kuanza, Camille aliomba aziangalie. Ilikuwa haki yake. Alizimwaga kwenye kitambaa, akazigeuzageuza, akazungumza na jirani yake, akacheka, akazirudisha. Zilikuwa kumi.

Eulalie alizipima moja baada ya moja, akisoma uzito kwa sauti, na karani wa Mushagalusa akiandika. Kumi zote zilikuwa na uzito wake. Nikaona Camille ametulia mno. Ndipo Eulalie alipotoa mkobani kipande cha bati alichokikata mwenyewe famasi, chenye ufa mwembamba uliopimwa kwa pauni ya kweli. Aliwaeleza wazee wale kwamba madini mengine yote ya kawaida ni mepesi kuliko dhahabu. Mtu akitaka shaba ifikie uzito wa pauni, lazima aifanye nene. Akaanza kupitisha sarafu katika ufa. Moja ikapita. Ya pili ikapita. Ya sita ikakwama.

Alijaribu tena, polepole, wote waone. Ikakwama. Akaifunga uzi, akaizamisha majini: ikapungua sentigramu tisini na tatu. Hakumtazama Camille. Alifungua daftari lake, akamgeukia Mushagalusa.

"Papa, tulileta kumi, na hapa ziko kumi. Lakini hii aikutoka na sisi. Yetu ilikuwa na herufi P, mwaka 1911, na mukwaruzo kwa shavu ya mufalme. Hii aiko na herufi. Naomba mutu mwenye kuwa na yetu airudishe."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye uzi. Mushagalusa alimtazama Camille, akaendelea kumtazama, na yule kijana wa mlangoni akatazama viatu vyake. Mwishowe Camille akacheka, akatia mkono katika mfuko wa koti, akaiweka mezani. Alisema alitaka tu kujaribu kama maman anaona. Mzee akasema vema, amejaribu, na ameonwa.

Ile yenye P ikapita katika ufa. Mushagalusa akauliza: "Basi zote kumi ziko za kweli?"

Georgette alinigeukia. Tulijua, sisi watatu, kwamba pale mezani ilikuwamo ile ya 1917, na kwamba ingepita kila kipimo cha mizani na bati na maji. Hakuna mtu mwingine sebuleni aliyeweza kuijua. Eulalie aliichukua mwenyewe, akaiweka peke yake upande wa pili wa kitambaa.

"Kenda ziko za mufalme. Hii iko zahabu muzuri, lakini mufalme hakuitengeneza. Mutu aliiiga. Mukiilipa, mulipe zahabu, musilipe mwaka."

Hapo uso wa Camille ndipo ulipobadilika kweli. Mushagalusa alieleza baadaye sababu: Camille alikuwa na orodha kutoka Kampala ya miaka inayotafutwa, na kwa wiki nzima alikuwa akijigamba kwa siri kwamba kuna pauni moja ya 1917 mjini itakayomtajirisha. Alikuwa tayari kumnyang'anya mjane urithi wake wote kwa ajili ya sarafu moja, na sarafu yenyewe ilikuwa ya bandia.

Mzee alichukua lupu ya Eulalie, akatazama kichunusi kwenye shingo ya mfalme, akatazama shingo za wengine tisa. Akawaambia wenzake kwamba amekaa katika dhahabu miaka hamsini na hajaona mtu akijishushia bei mwenyewe mbele ya mnunuzi. Akanunua zile tisa kwa bei ya siku, akalipa palepale. Akatuma gari lake litupeleke hadi benki ya parokia, watu wote wakituona. Hakuna aliyetufuata.

Georgette alitaka kumpa Eulalie mojawapo ya zile tisa kabla hazijauzwa. Alikataa. Aliomba ile ya 1917, akapewa, na nadhani ndiyo dhahabu ya kwanza aliyowahi kuwa nayo maishani. Aliniambia kwamba ya kweli inamfundisha mtu kidogo. Hii ya uongo itamfundisha mengi.

Ikabaki ya Ottawa. Eulalie aliandika barua kwa Kifaransa, kisha akaigeuza kwa Kiingereza kwa kamusi yake, akihangaika majuma mawili. Alieleza uzito hewani, uzito majini, umbo la C, mikwaruzo miwili, na akaweka chapa ya penseli juu ya karatasi nyembamba. Papa Gérard, ambaye tangu siku ile ya Nguba aliacha kuogopa kidogo, aliitia posta Kampala alipokwenda kutafuta dawa. Barua ilikwenda kwa wauzaji wa sarafu huko London. Jibu lilichukua miezi mitano. Lilianza kwa kumwita Bwana Daktari Nsimire, likasema kwamba maelezo yake ni kamili kuliko wanayopata kwa makumbusho mengi, na likauliza anafanya kazi katika taasisi gani. Aliwajibu kwa mstari mmoja: chumba cha nyuma cha famasi, Bukavu.

Sarafu ilikwenda na Papa Gérard hadi Nairobi, mtu wao akaipokea kwa hati. Walithibitisha: ya kweli. Iliuzwa zaidi ya mara kumi ya zile tisa zote pamoja. Georgette alinunua kiwanja Bagira, akajenga nyumba ya matofali ya vyumba vitatu, na watoto wake wanne wakarudi shuleni mwezi wa tisa uliofuata. Eulalie alipewa na wale wauzaji wa London kitabu kipya, chenye picha za rangi. Aliniruhusu kukishika baada ya kunawa.

Baada ya hapo hakupata tena Jumamosi ya kupumzika. Wanawake wa Mwenga na Shabunda waliokuwa wakileta mjini unga wa dhahabu, gramu mbili, gramu tatu, zilizofungwa katika karatasi ya daftari, walisikia kwa Georgette kwamba kuna maman anayejua kupima. Kila mara walikuwa wameambiwa na wanunuzi kwamba dhahabu yao ni chafu, ni nyepesi, ni nusu shaba. Eulalie hakutaka kuwapimia. Alitaka wapime wenyewe. Aliazima chumba cha kanisa Bagira, akaleta mizani, na akawafundisha: pima hewani, pima majini, toa, kisha gawanya uzito wa hewani kwa kilichopungua. Wengine hawakuwa wamemaliza darasa la tatu. Aliwafundisha kugawanya kwa maharage.

Jumamosi moja ya mwaka 2002 alikuwa anaonyesha kipande kidogo cha dhahabu mbele ya wanawake kama thelathini. Akasoma namba, akaandika ubaoni, akaeleza kwamba mwenye nacho amechanganyiwa kitu. Mama mmoja wa Shabunda aitwaye Francine, aliyekaa nyuma akinyonyesha, akainua mkono.

"Maman, musamaha. Haukutoa uzito wa uzi."

Eulalie alitazama ubao. Akarudi kwenye mizani, akapima uzi peke yake, akatoa, akagawanya upya. Francine alisema kweli. Dhahabu ilikuwa safi; uzi tu ndio ulioifanya ionekane nyepesi.

Nimemwona Maman Eulalie akisimama mbele ya bunduki, na nimemwona akisoma barua ya London. Sijawahi kuuona uso wake ukikunjuka kama siku hiyo. Alifuta hesabu yake ubaoni kwa kiganja, akampa Francine chaki, akaenda kukaa kwenye benchi ya mbele pamoja na wengine.